Waliniita Masizi

Mafuta ya ganda la korosho hayatoki kwa sabuni. Yakishaingia kwenye ngozi, unayasubiri. Siku ya kwanza kidole kinawasha kidogo, kama umeshika pilipili ukasahau. Siku ya pili kinakuwa cha kahawia, halafu cheusi, na baada ya wiki ngozi inabanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Chini yake kuna ngozi mpya, nyekundu, isiyotaka kuguswa na chochote, na ngozi hiyo hiyo ndiyo unayorudi nayo kazini kesho yake. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, ndiyo maana hata utomvu wa embe huchubua midomo ya watoto. Lakini mwembe ni ndugu mpole.

Mimi ni mtu wa Newala, kijiji kimoja upande wa Kitangari. Baba alikwenda Dar kuuza mitumba nikiwa mdogo, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu (hata neno machinga limetoka huku Kusini), na akawa baba wa salamu za sikukuu. Mama alibaki na mikorosho kumi na tisa aliyoachiwa na bibi. Asiyejua mambo ya huku akisikia mtu ana mikorosho hudhani ana pesa. Miti kumi na tisa, ukitoa gharama ya unga wa salfa wa kuzuia ugonjwa wa ubwiri, ukitoa deni la dukani, ni miti ya kukufanya usife njaa. Kwa hiyo badala ya kuuza zote ghafi, mama alizibangua mwenyewe na kuziuza nyeupe, kwa kikombe, kwa abiria wa magari. Ghafi kilo 4 au 5 ndizo zinazokupa korosho nyeupe kilo 1. Nilikuwa mkono wake wa tatu tangu darasa la nne.

Tulikuwa tukibangua hivi. Unatoboa bati matundu, unaliweka juu ya moto, unamwaga korosho na kuzigeuza kwa mti mrefu huku umekaa mbali, maana mafuta yanaruka. Ghafla zinashika moto zenyewe, moshi mweusi unatoka, mkali wa kukutoa machozi na makamasi. Hapo unazimwaga chini na kuzifukia kwa mchanga. Zikipoa unapaka majivu mikononi, unashika moja moja juu ya jiwe na kuigonga kwa kibao. Ukisahau ukajifuta jicho kwa kidole, asubuhi unaamka na jicho limefumba.

Na maji? Juu kule kwenye uwanda wa Makonde maji ni bidhaa. Mvua ikinyesha tunakinga ya bati na kuyaingiza kwenye kisima cha saruji. Kisima kikikauka unashuka bondeni na ndoo, au unanunua. Msimu wa korosho unaanza Oktoba, wakati visima vimebaki na tope. Yaani msimu wa moshi na masizi ndiyo msimu usio na maji ya kuoga. Sijui Mungu alipanga kalenda hii akiwafikiria wasichana wa shule.

Januari 2009 niliingia kidato cha kwanza mjini Mtwara. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba alisema mtoto aende mjini kwa mama yake mdogo, Magomeni ya Mtwara, akasome. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Leo inaonekana ndogo, na ilishafutwa, lakini mama aliipata kwa kumuuzia mtu wa kangomba (mnunuzi wa pembeni, nje ya chama cha ushirika) korosho za mwakani kabla mikorosho haijatoa maua. Nilifika shuleni nimetoka msimu moja kwa moja. Sare mpya, viatu vipya, na mikono ile.

Nilipangwa dawati moja na msichana wa Shangani, mtaa wa hapo hapo mjini. Hakusema neno. Alitazama mikono yangu juu ya meza, akachukua daftari lake taratibu, akaliweka mapajani. Kijana wa nyuma yetu ndiye aliyesema. "Huyu amelala jikoni? Ana masizi hadi kwenye kucha." Kufika Ijumaa nilikuwa Masizi hata kwa kidato cha nne, watu wasiojua jina langu wala darasa langu. Nikipita wanaficha madaftari. Nikipewa chaki, anayefuata anaikataa. Zamu ya kugawa uji ilipofika, wenzangu waliniambia nisijisumbue, nikae tu nipumzike. Walisema kwa upole sana. Ule upole uliuma kuliko jina.

Mikono ingepona kama ningepumzika na korosho, lakini mama alikuwa akituma gunia kwa basi kila zilipopatikana, na mama mdogo na mimi tunabangua usiku uani. Bila hivyo hakuna sabuni, hakuna mafuta ya taa, hakuna kitu. Kwa hiyo masizi yalikuwa yangu kwa miaka minne.

Kuna siku moja nitaisimulia, nyingine nitaziacha. Tulikuwa kidato cha pili, kipindi cha hesabu, somo nililolipenda. Mwalimu alikuwa akirudisha madaftari. Langu alilishika kwa pembe, kwa vidole viwili, akaliinua juu darasa zima lione alama za vidole vyangu pembeni mwa kila ukurasa. Akauliza, "Hili ni daftari au kitambaa cha kuepulia sufuria?" Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, hadi nikashika tumbo, kwa sababu niligundua ukicheka wewe kwanza wanamaliza haraka. Ndani ya daftari nilikuwa nimepata 91.

Jioni ile niliandika orodha. Ukurasa wa mwisho wa daftari lile lile, majina ya waliocheka, kumi na saba. Niliapa kwamba kila mtihani nitakayempita nitamkata kwa kalamu nyekundu. Nikaanza kuamka saa tisa usiku. Nilisoma kwa kibatari huku mama mdogo akilalamikia mafuta. Kufika mwisho wa mwaka nilikuwa nimekata majina kumi na manne, na sitadanganya, ilikuwa raha. Kila mstari mwekundu ulikuwa mtamu kama uraka wa kwanza wa msimu, ile pombe ya mabibo. Kwa hiyo mtu akiniambia dharau haiwezi kumsukuma mtu, namkatalia. Ilinisukuma. Ilinitoa kitandani usiku kuliko saa yoyote ya mezani.

Halafu ukaja mtihani wa kidato cha nne wa 2012. Wanaokumbuka wanajua. Matokeo yalipotoka Februari 2013 nchi ilishika kichwa, zaidi ya nusu ya watoto walipata sifuri, hadi serikali ikaamuru yapangwe upya. Mimi nilipata daraja la nne. Wa Shangani alifaulu, akaenda kidato cha tano. Nikachukua lile daftari, nikatazama orodha yangu iliyokatwa karibu yote, na kwa mara ya kwanza nikaona upumbavu wake. Nilikuwa nimesoma ili niwapite watu kumi na saba. Mtihani haukuwa na habari nao. Nilikariri walichokariri wao, nikazidisha kidogo, basi. Maswali yalipokuja kwa sura nyingine, hasira haikuwa na jibu.

Nikarudi kwenye beseni. Asubuhi korosho kwenye stendi, kiangazi nachanganya na ming'oko (viazi pori) ya kuchemsha. Nilikuwa na miaka ishirini, na wateja wangu wengine walikuwa wale wale waliosoma nami, wakipita kwenda vyuoni. Wengine walinunua. Mmoja alinipa noti ya elfu tano, akasema kaa na chenji, Masizi. Nilikaa nayo. Ningefanyaje?

Mei mwaka ule mji uliwaka kwa suala la gesi, watu wakipinga isipelekwe Dar kwa bomba. Siku zile hakuna aliyetoka ndani, mabomu ya machozi yalisikika hadi uani kwetu, na ndani tulikuwa na korosho, muhogo na hofu. Mama mdogo alikuwa mtu wa maneno machache. Zamani aliwahi kufanya kazi ya kuchambua korosho kiwandani, hadi kiwanda kilipofungwa, lakini hakuwahi kunieleza habari zake. Siku ile, labda kwa ajili ya kuzuia mikono isitetemeke, alikunja khanga sakafuni, akamwaga korosho nyeupe juu yake.

"Tenga," akaniambia.

"Nitenge nini, mama mdogo?"

"Wewe tenga tu kwanza, nione macho yako."

Nikatenga nzima na vipande. Akatikisa kichwa. Akazichukua zile nzima, akazigawa mafungu manne kwa kasi ambayo sikuifuata. Hili ni 180, hili 210, hili 240, hili 320. Akanieleza kwamba namba ni hesabu ya korosho zinazoingia kwenye ratili moja, kwa hiyo namba ikiwa ndogo, korosho ni kubwa na bei ni kubwa. Kikombe changu cha stendi, alisema, ninauza 210 na 320 pamoja kwa bei ya vipande. Miaka yote hiyo. Kisha akachukua ghafi moja, akanionyesha mshono unaopita mgongoni mwa ganda, kitu nilichokuwa nimekishika mara laki na sikuwahi kukiona. "Gonga hapa. Tumboni unaivunja." Nikagonga. Ikafunguka kama jicho, kiini kikatoka kizima, chenye ngozi yake nyembamba.

Nimefikiria sana kuhusu siku ile. Hasira ilikuwa imeniamsha usiku kwa miaka minne, na katika miaka yote minne haikuwahi kunionyesha mahali pa kugonga.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, maana mafanikio yanachosha kusimulia na yanachosha zaidi kusikiliza. Tulianza kutenga kwa namba na kuuza kwa watu wa hoteli na wasafiri wa ndege. Nikajiunga na kikoba. Nikaenda mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya usindikaji na vifungashio, nikajifunza kubangua kwa mvuke na mashine ya mkono, bila ule moshi wa bati, na nikanunua glavu. Glavu! Jozi ya kwanza nilizivaa nikakaa uani nikizitazama. Kitu cha bei ya soda mbili. Laiti mama yangu angejua kipo. Baadaye nikapata nembo ya ubora ya TBS, nikapanga chumba cha kazi, nikaanza kuita wanawake wengine. Leo tuko kumi, na mzigo wetu unafika Dar na Dodoma.

Ila katikati hapo kuna shimo, na sitaliruka.

Mwaka 2018 nilialikwa harusi. Yule wa Shangani alikuwepo, amependeza, ameolewa vizuri. Aliponiona akapiga kelele ukumbi mzima ukageuka. "Masizi! Njoo nikunuse, bado unanuka moshi?" Akanikumbatia. Nadhani kwake ilikuwa furaha ya kweli kukutana na mtu wa zamani. Watu wakacheka, na tumbo langu likarudi kidato cha pili kwa sekunde moja.

Nilirudi nyumbani nimeamua nitawaonyesha. Msimu wa nyuma bei mnadani ilipanda hadi ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, kila mtu Mtwara alikuwa na hadithi ya pikipiki mpya. Nikakopa milioni mbili, nikaenda vijijini na kununua ghafi kwa kangomba, yaani kwa kipimo, nje ya chama, kwa mkulima mwenye shida ya haraka. Kangomba ile ile iliyomnyonya mama yangu kwa ajili ya ada yangu. Nilijua ninachofanya. Nilitaka mwaka ujao niingie ukumbi ule ule na gari.

Mnajua ilivyokuwa. Wanunuzi walileta bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba. Wakulima wakahakikiwa mmoja mmoja, shamba kwa shamba, na watu wa kangomba wakawa kama panya mchana. Magunia yangu niliyaficha kwa mama mdogo, chini ya kitanda, sakafu ya udongo. Niliogopa kuyatoa, niliogopa hata kuyabangua, moshi au sauti ya kibao ingesikika. Mvua zikaja. Nilipoyafungua yalitoa harufu ya kabati la marehemu, ukungu umepanda hadi mdomoni mwa gunia. Deni nililipa miaka miwili. Mama mdogo hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimnunulia nani haya?"

Swali hilo lilinikaa. Wahamasishaji wa siku hizi, wale wa kupaza sauti jukwaani, husema washukuru waliokudharau, ndio waliokujenga. Nilipokuwa na deni la milioni mbili nilitamani mmoja wao aje anisaidie kushukuru. Waliosoma nami walikuwa na Masizi wengine, sikuwa peke yangu. Kulikuwa na kijana wa Tandahimba aliyekuwa na kigugumizi, wakimwita Redio Mbovu, aliacha shule kidato cha pili na hakuna jukwaa linalomwita aje aeleze jinsi kejeli zilivyomjenga. Wanaoitwa ni sisi tuliobaki. Ndiyo maana hesabu inaonekana nzuri.

Hata hivyo mimi nami nilikuja kuiamini, bila kujua kwamba naiamini. Hiki ndicho nilichokaa chini kuandika, hayo mengine yalikuwa njia ya kufikia hapa.

Mwaka jana alikuja kwangu binti wa Mikindani, miaka kumi na tisa, mkimya, mwenye heshima. Alikuwa mzito wa mashine. Kila mara akivuta mkono anavuta kwa nguvu mno, kiini kinapasuka. Tulikuwa na oda ya kilo 60 za 240 nzima, gari la Dar linaondoka alfajiri, na kwenye sinia lake nusu ilikuwa vipande. Nikalinyanyua lile sinia juu wote waone.

"Wewe una mikono au una mchi?"

Wote wakacheka. Naye akacheka. Alicheka kwa sauti kuliko wote, akainama, akashika tumbo.

Ningependa kusema nililitambua cheko lile pale pale. Hapana. Nililitambua usiku, nimeshaoga, nimeshalala. Na hata nilipolitambua, jambo la kwanza nililojiambia lilikuwa, ataizoea kazi, mbona mimi nilikomaa. Kumbe mwalimu wa hesabu na vidole vyake viwili alikuwa amelala humo ndani muda wote, ananingoja nipate sinia la kuinua.

Kesho yake binti hakuja. Keshokutwa yake pia. Wenzake walikuwa wameshaanza kumtaja kwa jina la Mchi, kwa utani tu, eti Mchi leo yuko wapi. Nikawaambia jina hilo liishe. Wakanitazama kwa mshangao, mmoja akasema, "Lakini dada, si wewe uliyemwita?"

Siku ya tatu nikapanda daladala ya Mikindani. Bahari ilikuwa imekupwa, wanawake wameinama kwenye matope wanatafuta chaza. Nyumba niliulizia mara mbili. Mama yake alikuwa barazani na ungo wa mchele, anachambua. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Alidhani nimeleta pesa za siku ambazo binti alifanya kazi. Nilikuwa nazo, nikampa, akahesabu, akashukuru. Binti akatoka ndani, akaniamkia kwa adabu ile ile, akasimama mlangoni, mikono ameiweka nyuma.

Nikasema nimekuja kwa sababu ya neno nililomwambia juzi.

"Neno gani, dada?"

Sijui hadi leo kama alikuwa amelisahau kweli, au alitaka nilitamke. Uso wake haukuonyesha kitu. Mama yake aliacha kuchambua, akanitazama naye, akisubiri.

Nikalirudia. Lote, kama nilivyolisema, pamoja na lile sinia.